Sura ya Sita: Dola ya Tajiri, Pamba ya Mkulima

Mwaka 1932, Mfuko wa Julius Rosenwald ulipofunga mpango wake wa kujenga shule za watoto Weusi kusini mwa Marekani, hesabu ziligawanywa katika mafungu manne. Majengo yalikuwa 5,357: shule 4,977, nyumba za walimu 217 na karakana 163, yote yakiwa yametapakaa katika kaunti 883 za majimbo 15, kuanzia Maryland hadi Texas. Gharama yake ilikuwa dola milioni 28.4. Kodi za umma zilitoa milioni 18.1. Wazungu wenyeji wa maeneo hayo walichanga milioni 1.2. Mfuko wenyewe, uliotokana na mali ya mmoja wa matajiri wakubwa wa Chicago, ulitoa milioni 4.37. Fungu la nne lilitoka kwa vibarua wa mashamba ya pamba, wanawake wafua nguo, wahubiri wa makanisa ya vijijini, na wakulima waliolima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno. Wote walikuwa Weusi, na walichanga dola milioni 4.73.

Maskini walimzidi tajiri.

Vitabu vingi vinavyosimulia habari za Rosenwald huanzia kwa Rosenwald. Ni rahisi kuelewa kwa nini: ana jina, ana picha, ana kampuni, na barua zake zimehifadhiwa. Lakini mafungu yale manne yanadai masimulizi ya namna nyingine, ambamo familia tajiri na vijiji maskini vinaingia pamoja, na ambamo mtu analazimika kuuliza swali gumu zaidi: kwa nini watu waliokuwa wakilipa kodi kama wengine walihitaji kuchangishwa ili watoto wao wapate darasa?

Jibu liko kwenye kura. Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865, wanaume Weusi wa Kusini walipiga kura, wakachagua wabunge, wakashiriki kuanzisha elimu ya umma katika majimbo ambayo hayakuwahi kuwa nayo ya maana hata kwa Wazungu maskini. Kisha mlango ukafungwa. Alabama iliandika katiba mpya mwaka 1901, ikaweka kodi ya kupigia kura, mitihani ya kusoma na masharti ya mali. Katika jimbo hilo lililokuwa na zaidi ya wanaume Weusi 180,000 wenye umri wa kupiga kura, waliobaki daftarini miaka miwili baadaye hawakufika 3,000. Mtu asiye na kura hana wa kumwuliza fedha za shule zimekwenda wapi. Bodi za shule, zote za Wazungu, zilichukua fungu lililotolewa na jimbo kwa kila mtoto, zikahesabu watoto Weusi ili lije kubwa, kisha zikalitumia kwa shule za Wazungu. Watoto Weusi walisomea makanisani, mabandani, kwenye vibanda vya mbao vilivyovuja, kwa miezi michache tu ya mwaka, maana msimu wa kuchuma pamba ulipofika kila mkono ulihitajika shambani.

Huko ndiko Booker T. Washington alikofanyia kazi. Alizaliwa mtumwa Virginia, akasoma katika chuo cha Weusi cha Hampton, na mwaka 1881 akaanza kuijenga Tuskegee, chuo cha Weusi katika kaunti ya Macon, Alabama. Alikuwa hodari wa kuchangisha matajiri wa Kaskazini. Mei 1911 alikutana Chicago na mtu aliyekuwa amesoma kitabu chake cha maisha yake na kuguswa sana.

Julius Rosenwald alizaliwa Springfield, Illinois, mwaka 1862, katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Ujerumani, si mbali na nyumba aliyoishi Abraham Lincoln kabla ya kuwa rais. Baba yake aliuza nguo, naye akaifuata biashara hiyo. Mwaka 1895 aliingia katika kampuni ya Sears, Roebuck, iliyouza bidhaa kwa posta: mkulima aliye mbali na mji alipokea katalogi nene, akaagiza viatu, jembe, saa au cherehani, na mzigo ukamfikia kwa treni. Kufikia 1908 Rosenwald alikuwa ndiye rais wa kampuni na mmoja wa watu wenye fedha nyingi nchini mwake.

Mwaka huohuo, 1908, Wazungu wa Springfield walivamia mitaa ya Weusi, wakachoma nyumba na kuua watu. Ghasia hizo zilitokea katika mji wa Lincoln, na mji wa utoto wa Rosenwald. Zilichochea kuanzishwa kwa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mwaka uliofuata. Rosenwald hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alisema waziwazi kwamba Myahudi, anayejua yaliyowapata ndugu zake Urusi, ana sababu zaidi ya kutambua chuki ya rangi inapomwangukia mwingine. Rabi wake wa Chicago, Emil Hirsch, alihubiri kwamba kutoa ni haki ya anayepewa, wala si hisani ya anayetoa. Hilo si jambo geni kwa msomaji wa Kiislamu anayejua zaka ni nini.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa mjini. Alitangaza kwamba mji wowote utakaochanga dola 75,000 kwa ajili ya jengo la YMCA (chama cha vijana Wakristo) la Weusi, yeye ataongeza 25,000. Miji zaidi ya ishirini ilijitokeza. Katika wakati ambapo hoteli nyingi zilimfukuza msafiri Mweusi mlangoni, majengo hayo yalikuwa mahali pa kulala, kuogelea, kusoma na kukutana. Moja lilifunguliwa Wabash Avenue, Chicago, mwaka 1913. Humo, Septemba 1915, Carter G. Woodson na wenzake walianzisha chama cha kuchunguza historia ya Weusi, na kazi ya chama hicho ndiyo iliyozaa wiki ya historia ya Weusi mwaka 1926, ambayo leo ni mwezi mzima.

Agosti 1912 Rosenwald alitimiza miaka 50. Aliisherehekea siku hiyo kwa kugawa mamia ya maelfu ya dola, zikiwamo 25,000 kwa Tuskegee. Washington alipomaliza kugawa sehemu yake aliona kuna kiasi kidogo kilichobaki, akaomba ruhusa akitumie kujaribu jambo: shule sita ndogo za vijijini, karibu na Tuskegee. Ruhusa ikatolewa. Ya kwanza ilizinduliwa Loachapoka, Alabama, mwaka 1913.

Masharti ya mpango huo ndiyo yanayostahili kutafakariwa zaidi, maana ubora wake na ubaya wake vyote vimo ndani yake. Rosenwald alitoa kiasi maalumu, mwanzoni kama dola 300 kwa shule. Hakutoa mpaka wanakijiji wawe wamekusanya kiasi hicho au zaidi. Michango ya mbao, ardhi na siku za kazi ilikubaliwa na kupigiwa bei, hivyo mwanamume aliyepasua magogo wiki nzima aliandikwa kuwa amechangia. Kaunti nayo ilitakiwa kutoa fedha za umma, kuajiri mwalimu, na kuitunza shule kama mali yake. Kiwanja kilikabidhiwa kwa bodi ya shule, hati ikaandikwa kwa jina la umma.

Anayeijua Kenya ya miaka ya 1960 na 1970, na shule za harambee zilizosimama kwa mchango wa ng'ombe, mawe na kapu la mayai, anaijua picha hii. Huko Alabama na Mississippi, jamii zilitenga kipande cha shamba, zikakilima pamoja na kuuza pamba yake kwa ajili ya shule. Wanawake walipika kuku na kuuza sahani kanisani Jumamosi jioni. Wengine waliuza nguruwe. Wapo waliotoa ekari mbili kutoka katika ardhi ambayo baba zao, waliozaliwa watumwa, waliinunua kwa jasho la miaka mingi. Haikuwa michango ya ziada kutoka mifukoni mwa watu wenye ziada.

Majengo yenyewe yalifikiriwa kwa makini. Vijiji vingi havikuwa na umeme, kwa hiyo mwanga wa jua ulikuwa ndiyo taa. Michoro ya mwanzo ilitoka Tuskegee, chini ya Robert R. Taylor, msanifu majengo Mweusi aliyehitimu chuo cha MIT mwaka 1892. Baadaye Samuel Smith, aliyesimamia ofisi ya Mfuko huko Nashville kuanzia 1920, alichapisha michoro mingine na kuigawa bure. Madirisha marefu yalipangwa upande mmoja wa darasa, jengo likaelekezwa ili jua liingie kutoka mashariki na magharibi, na mtoto asiandike katika kivuli cha mkono wake mwenyewe. Michoro ilikuwa mizuri kiasi kwamba baadhi ya kaunti ziliitumia kujengea shule za Wazungu.

Sasa ubaya wake. Mkulima Mweusi wa Alabama alikuwa amekwisha kulipa kodi, na kodi hiyo ilikuwa imekwisha kujenga shule ya matofali ya mtoto wa Mzungu. Alipochanga tena kwa shule ya Rosenwald, alilipa mara ya pili kwa kitu kilichokuwa haki yake mara ya kwanza. Mwanahistoria James Anderson ameliita jambo hilo kutozwa kodi mara mbili, na hakuna namna ya kulikwepa. Mbaya zaidi, mkulima alitoa ardhi na mbao, kisha hati ikaenda kwa bodi ambayo hakuwa na kura ya kuichagua wala kuiondoa. Alijenga nyumba, funguo akamkabidhi yule aliyemdhulumu.

Washington alilijua hilo. Hesabu yake ilikuwa kwamba shule ikishakuwa mali ya kaunti, kaunti italazimika kulipa mshahara wa mwalimu mwaka baada ya mwaka, na jengo zuri litakuwa vigumu kulifumbia macho. Katika hilo alikuwa sahihi: milioni 18.1 za kodi zilizoingia humo ni fedha ambazo bodi nyingi za shule zisingezitoa kwa hiari yao. Dola ya Rosenwald na pamba ya mkulima vilikuwa chambo cha kurudisha sehemu ya kodi ya Weusi kwa watoto wa Weusi. Lakini hesabu hiyo ilikubali ubaguzi kama hali ya hewa ambayo mtu huvaa koti tu. W.E.B. Du Bois, msomi Mweusi na mkosoaji wa Washington, hakuikubali, na alilisema hilo kwa ukali kwa miaka mingi: elimu isiyofuatana na kura inamwacha msomi mikononi mwa wasiomtaka.

Mabishano hayo ya Alabama hayakuishia Alabama. Yalivuka bahari mpaka Afrika Mashariki, na ni ajabu kwamba husimuliwa kwa nadra huku kwetu.

Mwaka 1907 mwanamke tajiri wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, wa madhehebu ya Quaker, alitoa dola milioni moja kwa shule za vijijini za Weusi. Fedha hizo ziliajiri walimu wasimamizi, wengi wao wanawake Weusi, waliotembelea shule moja baada ya nyingine wakifundisha usafi, ushonaji, bustani na mbinu za kufundishia. Wa kwanza alikuwa Virginia Randolph, wa kaunti ya Henrico, Virginia. Walimu wa Jeanes ndio hasa waliozunguka wakichangisha kwa ajili ya shule za Rosenwald. Bila miguu yao, fedha za Chicago zisingefika kijijini.

Mwaka 1924, tume ya mfuko mwingine wa familia, Phelps-Stokes, ilizuru Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi nyingine za jirani. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na pamoja naye alikuwamo James Aggrey, msomi kutoka Pwani ya Dhahabu ambaye hotuba zake zilikumbukwa kwa miaka mingi. Tume ilisifu mfano wa Tuskegee na Hampton. Mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa shirika la Carnegie, ili kufunza walimu wa kuzunguka vijijini. Eneo hilo la Lower Kabete baadaye likawa chuo cha watumishi wa serikali, na hadi leo ndiko yaliko makao ya chuo cha serikali ya Kenya.

Masetla na maofisa wa kikoloni waliupenda mfano huo kwa sababu ambayo Du Bois angeitambua mara moja. Elimu ya jembe na nyundo, waliona, haitazaa wanasheria. Waafrika wengi waliliona hilo pia. Mbiyu Koinange aliondoka Kenya mwaka 1927 kwenda Hampton kwenyewe, akaendelea hadi Ohio Wesleyan na Columbia, na aliporudi hakutaka shule ya kumfunza mtu kubaki mahali pake. Mwaka 1939 chuo cha walimu cha Githunguri kilifunguliwa, kikajengwa kwa michango ya Wakikuyu wenyewe, rika moja likishindana na jingine kutoa. Hapo hapakuwa na tajiri wa Chicago, wala hati haikukabidhiwa kwa serikali ya wakoloni. Serikali hiyo ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Ukiilinganisha Githunguri na Loachapoka, unaona pande mbili za mashaka yaleyale: ukiikabidhi shule kwa dola inayokubagua, inaitawala; ukiikatalia, inaweza kuifunga.

Pamoja na hayo yote, shule za Rosenwald zilifanya kazi kubwa. Wanauchumi Daniel Aaronson na Bhashkar Mazumder, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2011, walilinganisha maeneo yaliyopata shule hizo na yasiyopata. Mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, mtoto Mweusi wa Kusini alikuwa nyuma ya mwenzake Mzungu kwa takriban miaka mitatu ya shule. Kufikia Vita vya Pili pengo lilikuwa limepungua hadi chini ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya maendeleo hayo, karibu asilimia 30 kwa hesabu yao, ilitokana na shule hizi. Maya Angelou alisoma katika mojawapo, Stamps, Arkansas. John Lewis alianzia katika nyingine, kaunti ya Pike, Alabama, akiwa mtoto aliyejificha asipelekwe kuchuma pamba, kisha akatoka mbio kulikimbilia basi la shule.

Hata hivyo kuna ukurasa wa kaunti ya Macon ambao hauwezi kurukwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Mfuko ulifadhili, pamoja na idara ya afya ya serikali ya Marekani, mpango wa kupima na kutibu kaswende katika kaunti kadhaa za Kusini, Macon ikiwamo. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa. Uchumi ulikuwa umeanguka mwaka 1929, hisa za Sears ambazo ndizo zilizokuwa mtaji wa Mfuko zikashuka vibaya, na Mfuko ukajiondoa. Idara ya afya ikabaki na orodha ya wagonjwa, na wauguzi waliokwisha kuaminiwa na watu, lakini bila fedha za dawa. Mwaka 1932 maofisa wake waliamua kuwatazama wanaume miongoni mwa wagonjwa hao bila kuwatibu, kwa udanganyifu, na wakaendelea kuwatazama kwa miaka 40, mpaka 1972, ilhali penisilini ilikuwa imeshapatikana tangu miaka ya 1940. Uovu huo ulitendwa na serikali, wala si Mfuko. Lakini mfadhili anayefungua mlango wa imani ya watu, kisha akaondoka, anawaacha wazi kwa yeyote anayeingia nyuma yake. Somo hilo la Macon bado halijazeeka.

Rosenwald alifariki Januari 1932. Tofauti na matajiri wenzake wengi, hakutaka jina lake liendelee kutawala kutoka kaburini. Aliagiza kwamba Mfuko utumie kila kitu, mtaji na faida, usizidi miaka 25 baada ya kifo chake. Alishikilia kwamba kila kizazi kinayajua mahitaji yake kuliko wafu. Wadhamini walimzidi kasi: walifunga mwaka 1948.

Katika miaka yake ya mwisho Mfuko ulibadilika sana. Chini ya Edwin Embree, aliyeuongoza tangu 1928, uliacha majengo na kuanza kuwalipia watu. Waandishi, wanasayansi, wachoraji na wanamuziki Weusi walipewa fedha za kuishi mwaka mmoja au zaidi wakifanya kazi yao: Langston Hughes, Marian Anderson, Ralph Ellison, James Baldwin, Jacob Lawrence, Gordon Parks. Ralph Bunche, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, alitumia ruzuku hiyo kwenda Togo na Dahomey kuchunguza utawala wa kikoloni. Du Bois, mkosoaji yuleyule, naye alisaidiwa. Na Kenneth na Mamie Clark, mume na mke wanasaikolojia, walipata ruzuku iliyowawezesha kuendelea na majaribio ya wanasesere, yale yaliyoonyesha jinsi ubaguzi unavyomfundisha mtoto Mweusi kujidharau. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, ilipotangaza kwamba shule za kutenganisha rangi zinavunja katiba, iliutaja uchunguzi huo. Fedha zilizojenga maelfu ya shule za kutengwa zilisaidia pia kuubomoa msingi wa kutengwa kwenyewe.

Kisha ikaja zamu ya binti.

Edith Rosenwald aliolewa na Edgar Stern, mfanyabiashara wa pamba, akahamia New Orleans mwaka 1921. Miji mingi ya Kusini familia hiyo ilikuwa imeifikia kwa barua na hundi, lakini hapa mmoja wao aliishi, akawa jirani, akaona kwa macho yake. Edgar alikuwa miongoni mwa walioongoza juhudi za kuunganisha vyuo viwili vya Weusi na kuunda Chuo Kikuu cha Dillard, kilichoanza kufundisha mwaka 1935. Miaka ya 1950 familia ya Stern ilikuwa miongoni mwa waliofanikisha Pontchartrain Park, mtaa wa nyumba za kununua kwa familia Nyeusi za kipato cha kati, ambazo zilikuwa zikizuiwa kununua karibu kila mahali. Katikati yake kulikuwa na uwanja wa gofu uliochorwa na Joseph Bartholomew, Mweusi aliyekuwa amejenga viwanja ambavyo sheria ilimkataza kuchezea. Walimu, watu wa posta na wauguzi walinunua nyumba na kulea watoto humo, miongoni mwao Lisa Jackson, aliyekuja kuongoza idara ya mazingira ya Marekani chini ya Rais Obama, na mwigizaji Wendell Pierce. Hata hivyo mfereji na uzio viliutenga mtaa huo na jirani zake Wazungu. Ilikuwa tena Loachapoka: kitu bora, kilichotengwa.

Edith alikwenda hatua ambayo baba yake hakuifikia. Mwaka 1962 mfuko wa familia ya Stern, pamoja na mfuko wa Taconic wa Stephen na Audrey Currier na mfuko wa Field, walitoa fedha za kuanzisha mradi wa kuandikisha wapiga kura Weusi Kusini. Mradi uliendeshwa kutoka Atlanta chini ya mwanasheria Wiley Branton, na fedha zake zilikwenda kwa vijana wa chama cha wanafunzi cha SNCC, kwa chama cha Martin Luther King, kwa NAACP na kwa wengine waliokuwa wakibisha hodi nyumba kwa nyumba huku wakipigwa na kufungwa. Mamia ya maelfu ya watu waliandikishwa hata kabla ya sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya ugonjwa ambao shule za mbao zilitibu homa yake tu.

Bunge lilielewa nguvu ya fedha hizo. Mwaka 1969 lilipitisha sheria ya kodi iliyoibana mifuko inayofadhili uandikishaji wa wapiga kura. Hakuna sheria iliyowahi kuhitajika kuzuia mtu asijenge darasa.

Mwaka 1970 mradi ule wa wapiga kura ulipata mkurugenzi mpya: John Lewis, mtoto wa kaunti ya Pike aliyelikimbilia basi. Akauongoza hadi 1977, na mwaka 1987 akaingia Bungeni, alikokaa hadi kifo chake mwaka 2020. Rosenwald alisaidia kumjengea darasa la kwanza, binti yake akasaidia kuanzisha kazi ambayo yeye aliishika ukubwani. Lakini kati ya darasa na daftari la kura ilipita miaka hamsini, na miaka hiyo haikuwa ya lazima. Rosenwald alikuwa na fedha, alikuwa na jina, aliheshimiwa na marais. Alichagua kutougusa mzizi, na wakulima waliochanga pamba yao walisubiri kizazi kizima zaidi.

Baada ya hukumu ya 1954 shule hizo zilifungwa moja baada ya nyingine. Nyingi zilioza, nyingine zikawa maghala ya nyasi. North Carolina, iliyojenga majengo 813 na kuyazidi majimbo yote, ilipoteza mengi ya hayo. Mwaka 2002 shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kale liliziweka kwenye orodha ya maeneo 11 ya Marekani yaliyo hatarini zaidi. Zilizobaki zinakadiriwa kuwa mia tano hivi, na mara nyingi wanaozikarabati ni wanafunzi wa zamani, wazee wa miaka 70 na 80, wakichangishana tena. Januari 2021 ilitiwa saini sheria inayoiagiza serikali kuchunguza uwezekano wa kuanzisha hifadhi ya taifa ya kumkumbuka Rosenwald na shule hizo.

Hifadhi hiyo ikijengwa, itakuwa vyema iandikwe ukutani mafungu yote manne. Na huku kwetu, ambako mifuko ya familia inaongezeka Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, na ambako kila wiki kuna darasa linalozinduliwa kijijini kwa utepe na kibao chenye jina la mfadhili, wasimamizi wa mifuko hiyo wanaweza kuanza leo kufanya lile ambalo ofisi ya Tuskegee ilifanya zaidi ya miaka mia moja iliyopita: wapige bei mchanga ulioletwa, mawe yaliyochongwa, siku za kazi zilizotolewa, ardhi iliyokatwa, na kiasi hicho kiandikwe kwenye kibao kilekile, kwa herufi zilezile. Kisha waulize, kabla utepe haujakatwa, kodi ya wanakijiji hao ilikwenda wapi.